Picha Iliyokatwa Juu: Kisa cha Muhuri wa Tano wa El Greco

Katika jumba la makumbusho la Metropolitan, jijini New York, kuna picha ya rangi ya mafuta yenye kimo cha sentimita 222 na upana wa sentimita 193. Upande wa kushoto mtu mrefu kupita kawaida, aliyevaa joho la buluu, amepiga magoti. Mikono yake miwili iko juu, kichwa kimelala nyuma, macho yameelekea mbinguni. Nyuma yake wako watu saba walio uchi, wengine wamesimama, wengine wamepiga magoti, na vitoto vya malaika vinawashushia nguo. Hakuna jua wala mwezi, lakini miili inang'aa. Yule mtu mkubwa ni Yohana, aliyeandika Ufunuo. Anatazama kitu fulani juu, nasi tukiyafuata macho yake tunagonga fremu. Hakuna kitu pale. Kilikuwapo, kikakatwa.

Mwaka 1880 picha hii ilifanyiwa kilichoitwa matengenezo, na katika kazi hiyo sehemu yake ya juu ikaondolewa. Inakadiriwa kwamba kilichopotea ni sentimita 175 au zaidi, yaani karibu nusu ya kimo chake cha kwanza. Kipande hicho hakijaonekana tena. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja wachoraji na wasomi wameisifu picha hii kuwa miongoni mwa kazi za ajabu kabisa alizoziacha El Greco, na wanachokisifu ni nusu ya chini. Katika uchambuzi huu nataka kutenganisha mambo matatu ambayo yameshikamana hata yanaonekana kuwa jambo moja: alichokusudia mchoraji, alichokiacha bila kukimaliza alipokufa, na kilichofanywa na kisu miaka 266 baadaye.

Andiko lenyewe

Tuanzie kwenye andiko, maana mchoraji naye alianzia hapo. Katika sura ya 6 ya Ufunuo, Mwanakondoo anafungua mihuri ya kitabu mmoja baada ya mwingine. Minne ya kwanza inatoa farasi wanne na wapandaji wao. Wa sita unaleta tetemeko la nchi, jua linakuwa jeusi, nyota zinaanguka. Wachoraji wa Ulaya waliwapenda farasi hao na tetemeko hilo. Albrecht Dürer alipochonga mbao zake za Ufunuo mwaka 1498, wapanda farasi wanne aliwapa ubao wao wenyewe, na mpaka leo ndio wanaojulikana. Muhuri wa tano aliubana katika ubao mmoja na wa sita: juu watu wanapewa nguo, chini nyota zinawamwagikia walio duniani.

Mtu anaweza kuelewa kwa nini. Katika muhuri wa tano hakuna kinachokimbia wala kinachoanguka. Yohana anaona chini ya madhabahu roho za waliouawa kwa ajili ya neno la Mungu. Wanalia kwa sauti kuu na swali lao ni moja tu: hata lini? Hata lini damu yao haitapatiwa haki? Jibu wanalopewa ni la kusubiri. Kila mmoja anapewa nguo nyeupe na kuambiwa apumzike muda mchache, mpaka itimie hesabu ya wenzao watakaouawa vilevile.

Waliozoea Biblia ya Kiswahili ya Union wanajua jinsi mistari hiyo mitatu ilivyo mizito katika lugha yetu. Haisemi waliouawa, inasema "waliochinjwa", na kuchinja kuna kisu na kuna koo. Wenzao wanaitwa "wajoli", neno la zamani la watumwa wa bwana mmoja. Na wanaambiwa "wastarehe". Neno hilo leo linatupeleka kwenye muziki na vinywaji, lakini pale maana yake ni kutulia tu, kukaa bila kuhangaika, na mtu aliyechinjwa akiambiwa atulie kidogo kwa sababu wengine bado hawajachinjwa, hilo ni agizo gumu kuliko tetemeko lolote.

Sasa tazama alichofanya El Greco. Waliochinjwa hawana alama shingoni. Hakuna damu, hakuna jeraha, hakuna upanga. Madhabahu yenyewe haionekani. Mateso yote ameyahamishia kwenye umbo la miili: viwiliwili virefu vilivyojinyonga, mikono inayopanda juu, nyama iliyopauka yenye vivuli vya kijivu na kijani kama ya mtu aliyekaa muda mrefu gizani. Kilio cha "hata lini" hakiwezi kuchorwa kwa sauti, kwa hiyo amekichora kwa mikono.

Mgiriki wa Toledo

Jina lake halisi ni Doménikos Theotokópoulos. Alizaliwa mwaka 1541 mjini Candia, katika kisiwa cha Krete kilichokuwa chini ya Venice. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchora ikoni za Kanisa la Mashariki, zile picha ambamo mtakatifu anasimama juu ya dhahabu tupu bila mlima wala nyumba nyuma yake. Kwenye mwaka 1567 alihamia Venice, mwaka 1570 akaenda Rome, na kufikia mwaka 1577 alikuwa Toledo, Hispania, ambako alikaa hadi kufa. Wahispania walimwita El Greco, yaani Mgiriki. Yeye mwenyewe aliendelea kutia sahihi picha zake kwa herufi za Kigiriki.

Wanahistoria wa sanaa humweka katika Manerisimo, mtindo uliotawala Italia na sehemu nyingine za Ulaya kwa sehemu kubwa ya karne ya 16, baada ya kizazi cha mchoraji Mwitalia Raphael. Wachoraji wa mtindo huu waliona kwamba kuuiga mwili wa mtu kwa usahihi kulikwisha kufanywa vizuri kabisa na waliowatangulia. Wao wakaurefusha mwili, wakaupinda kama nyoka, wakabana nafasi, wakachagua rangi kali zisizozoeana. Kwa wengi mtindo huo ulikuwa njia ya kuonyesha ustadi katika majumba ya wakubwa. Kwa El Greco, naona, ulikutana na mafunzo ya ikoni aliyotoka nayo Krete, na hapo ndipo anapowaacha wenzake mbali. Mwanga katika muhuri wa tano hautoki upande wowote. Ni kama ile dhahabu ya ikoni imeyeyuka ikaingia ndani ya ngozi za watu.

Mkataba wa picha hii uliwekwa Novemba 1608, naye akiwa na miaka 67. Aliyeagiza kazi ni Pedro Salazar de Mendoza, padri na mwanahistoria aliyekuwa msimamizi wa Hospitali ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji. Hospitali hiyo ilianzishwa na Kardinali Juan Pardo de Tavera mwaka 1541, mwaka uleule aliozaliwa mchoraji, na ilijengwa nje ya kuta za Toledo. Kwa sababu hiyo watu wa mji waliiita Hospitali ya Nje. Salazar aliipenda taasisi yake kwa dhati. Aliandika kitabu cha maisha ya Kardinali Tavera kilichochapishwa Toledo mwaka 1603, na El Greco alichora sura ya kardinali huyo ingawa alikuwa amekufa tangu mwaka 1545, kwa kufuata sanamu ya uso iliyotengenezwa baada ya kifo chake.

Kuna ushahidi mwingine wa jinsi hospitali hiyo ilivyokaa kichwani mwa mchoraji katika miaka ileile. Katika picha yake ya mji mzima wa Toledo pamoja na ramani, iliyoko sasa kwenye jumba la makumbusho lenye jina lake mjini humo, hospitali ya Tavera haikusimama ardhini. Ameiweka juu ya wingu. Maandishi aliyoyaweka ndani ya picha yanaeleza sababu: ingebaki mahali pake ingeziba lango la Visagra, na kuba lake lingeupita mji kwa urefu. Ni maelezo ya fundi, hayana fumbo lolote. Lakini mtu anayeweza kuinua hospitali nzima na kuiweka juu ya wingu ili picha yake ikae sawa ndiye huyohuyo aliyekuwa akimchora Yohana.

Kazi iliyoagizwa ilikuwa ya altare za kanisa la hospitali. Altare kuu ilipangiwa Ubatizo wa Kristo, kwa kuwa hospitali ni ya Yohana Mbatizaji. Altare moja ya pembeni ilipangiwa Malaika Gabrieli akimpasha Maria habari, na nyingine picha yetu. Ukizisoma pamoja unapata mwanzo, katikati na mwisho: mimba, maji, na siku ambayo wafu wanadai haki. Hili ni la kushikilia sana, kwa sababu picha ambayo leo imesimama peke yake ukutani ilizaliwa ikiwa mmoja wa ndugu watatu.

Alichokiacha bila kumaliza

Mwaka 1611 mchoraji Francisco Pacheco, ambaye baadaye alikuwa baba mkwe wa Velázquez, mchoraji mashuhuri wa Hispania, alimtembelea El Greco Toledo. Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1649 ameeleza alichokikuta. Mzee alikuwa na vinyago vya udongo alivyovitengeneza kwa mkono wake ili avitumie katika kuchora. Pia alikuwa na tabia ya kurudia picha zake mara nyingi, akiongeza mapigo makali ya brashi ili rangi zibaki zimeachana, kila moja mahali pake. Pacheco hakupendezwa sana na jambo hilo. Aliona ni kujitafutia umaskini.

Habari hiyo inasaidia kuisoma picha yetu. Vinyago vya udongo vinaeleza kwa nini wale watu walio uchi wanaonekana kama mtu mmoja aliyegeuzwageuzwa, mara kwa mbele, mara kwa nyuma, mara kwa ubavu. Na ile tabia ya kuachanisha rangi inatuonya tusikimbilie kusema kila penye ukali wa brashi pameachwa nusu.

Hata hivyo picha iliachwa nusu. El Greco alikufa tarehe 7 Aprili 1614 kabla kazi za hospitali hazijakamilika. Mwanawe Jorge Manuel, aliyekuwa mchoraji na msanifu wa majengo, ndiye aliyebaki na mzigo huo, na ule Ubatizo wa altare kuu unaonyesha mkono wake. Katika muhuri wa tano sura za baadhi ya watu ni michoro ya haraka, mipaka ya miili ni mistari mizito ya giza, na vitambaa vilivyo nyuma yao, cha manjano na cha kijani, vimepigwa kwa mapana bila mikunjo ya kutosha. Tukizilinganisha sehemu hizo na joho la Yohana tunaona tofauti. Joho lina uzito, lina mikunjo inayokatika kama karatasi ngumu, na mwanga unapita juu yake kama umeme. Mzee alianza na shahidi anayeona. Wanaoonwa aliwafikia nusu.

Naona sababu ya hilo. Yohana ndiye bawaba ya picha nzima. Ni mkubwa kuliko wote, yuko karibu nasi kuliko wote, na kazi yake ni moja tu, kuunganisha chini na juu. Asipokuwa sawa yeye, hakuna kinachoshika. Na hapo ndipo kisu cha 1880 kilipoumiza zaidi.

Jina lililopotea pamoja na kipande

Kipande cha juu kilipoondoka, maana nayo iliondoka. Picha ilianza kujulikana kwa jina la Mapenzi ya Kidunia, na wakati mwingine Mapenzi Matakatifu na ya Kidunia, jina linalofanana na la picha maarufu ya Titian iliyoko Rome. Tusiwacheke walioiita hivyo. Waliona watu walio uchi wamesimama mbele ya vitambaa vya rangi, na mzee mmoja anayeinua mikono kama mwenye kushtuka. Bila Mwanakondoo, bila kitabu, bila muhuri, nani angefikiria Ufunuo?

Jambo la uchi lina uzito wake katika kisa hiki. Desemba 1563 Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulitoa agizo kuhusu picha za kanisani, likikataza yasiyo ya heshima. Mwaka 1565 baadhi ya watu walio uchi katika Hukumu ya Mwisho ya Michelangelo, ukutani mwa kikanisa cha Sistina, walichorewa nguo juu yao. El Greco alifika Rome miaka mitano baadaye, na Giulio Mancini, aliyeandika habari za wachoraji wa Rome, anasimulia kwamba kijana huyo alisema picha hiyo ikiangushwa yote yeye angeweza kuchora nyingine yenye heshima na isiyopungua kwa ubora. Sasa mtu huyohuyo, akiwa mzee, anachora watu saba uchi kwa ajili ya kanisa la hospitali. Je, alibadilika?

Sidhani. Uchi wa watu hawa ni nusu ya sentensi. Nusu ya pili ni nguo inayoshuka. Andiko linasema walipewa, kwa hiyo kabla ya kupewa hawakuwa nazo, na El Greco amechagua dakika ile ya katikati: kitambaa kimeshafika kwenye vidole vya baadhi yao, wengine bado wanakinyoshea mikono. Ukijua nguo inatoka wapi, uchi wao ni wa mtu anayesubiri kuvishwa, kama mtoto aliyetoka kuoshwa au maiti anayetayarishwa. Usipojua inatoka wapi, wanabaki kuwa watu wanaocheza na mashuka. Kile kile kilichowekwa kwa heshima kikasomwa kama mapenzi ya kidunia, na hakuna nukta ya rangi iliyobadilishwa hapo chini. Kilichobadilika ni kwamba mtoaji ameondolewa.

Aliyerudisha jina ni Manuel Bartolomé Cossío, msomi wa Hispania, katika kitabu chake kikubwa juu ya El Greco kilichotoka mwaka 1908. Aliona kwamba jina la mapenzi haliikai picha, akapendekeza Kufunguliwa kwa Muhuri wa Tano. Vielelezo alivyokuwa navyo ni vile ambavyo hata sisi tunavyo: mashahidi, nguo, mwonaji aliyepiga magoti. Wengi wamelikubali jina hilo, ingawa jumba la Metropolitan lenyewe hupenda kuiita Maono ya Mtakatifu Yohana, jina pana kidogo lisilodai kujua kila kilichokuwa juu.

Ndugu yake aliyekatwa pia

Je, tunaweza kujua kipande kilichopotea kilifananaje? Hapa msaada unatoka kwa ile picha ya altare nyingine, Gabrieli na Maria. Nayo ilikatwa, ila yenyewe ilipata bahati: vipande vyote viwili vipo. Sehemu ya chini, yenye kimo cha karibu sentimita 294, iko Hispania katika mkusanyo wa benki ya Santander. Sehemu ya juu, ya karibu sentimita 110, iko Athens katika jumba la taifa la sanaa, na inaonyesha malaika wakipiga ala na kuimba juu ya mawingu.

Jumlisha: 294 na 110 ni 404. Chukua sasa sentimita 222 za picha yetu, ongeza 175 zinazokadiriwa kupotea, unapata 397. Picha mbili za altare mbili za pembeni katika kanisa moja zinakuwa na kimo cha karibu mita nne kila moja. Hesabu inakubaliana, na kwangu huu ndio ushahidi ulio imara kuliko wote kwamba hatushughuliki na ukingo mdogo uliopunguzwa ili picha iingie kwenye fremu. Ni chumba kizima cha juu cha nyumba kilichobomolewa.

Pia inatuonyesha El Greco alivyopanga turubai za urefu huo. Katika picha ya Gabrieli, tukio la duniani liko chini, mbingu iko juu na ina watu wake na shughuli zake, na mwanga unateremka kutoka kwa hao wa juu kuja kwa Maria. Ni mpangilio alioupenda maisha yake yote. Katika Mazishi ya Bwana wa Orgaz, iliyoko kanisa la Santo Tomé pale Toledo tangu miaka ya 1580, Kristo yuko kileleni kabisa na waombolezaji wako chini. Kwa hiyo tunaposema kwamba juu ya Yohana alikuwako Mwanakondoo akifungua muhuri, hatubahatishi tu. Andiko linamhitaji, mtazamo wa Yohana unamhitaji, na desturi ya mchoraji inamhitaji.

Wapo wanaosema picha imepata nguvu zaidi ilivyo sasa, kwamba utupu ule wa juu unatisha kuliko Mwanakondoo yeyote. Ninaelewa wanachokihisi. Hata mimi nikiitazama nahisi hivyo. Lakini hisia hiyo si ya picha aliyoagiza Salazar. Ya Salazar ilikuwa na swali na ilikuwa na anayeulizwa. Wafu wanalia hata lini, Yohana anainua uso, na juu yake yupo mwenye kujibu, tena mwenyewe amechinjwa, kwa maana Mwanakondoo wa Ufunuo anaelezwa kuwa kama aliyechinjwa. Aliyechinjwa anawavisha waliochinjwa. Hilo ndilo lililokatwa. Kilichobaki ni kilio kinachopanda na kugonga ubao wa fremu, na wasomaji wa karne ya 20, waliokuwa na sababu zao nyingi za kuamini kwamba mbingu ni tupu, wakakiona kuwa chao.

Kisu na Picasso

Mwaka 1905 mchoraji wa Kibaski, Ignacio Zuloaga, aliinunua picha hii kutoka kwa daktari mmoja wa Córdoba kwa peseta 1,000. Aliipeleka Paris, akaiweka katika karakana yake. Miongoni mwa waliokuja kuitazama alikuwa kijana Mhispania aitwaye Pablo Picasso, na mwaka 1907, akiwa na miaka 25, Picasso alimaliza picha ya wanawake watano, Les Demoiselles d'Avignon, ambayo vitabu vingi huihesabu kuwa mlango wa sanaa ya kisasa.

Wengi wetu Afrika tunaijua picha hiyo kwa upande mwingine, ule wa vinyago vyetu. Picasso aliviona vinyago vya Afrika katika jumba la makumbusho la Trocadéro, Paris, mwaka huohuo wa 1907, na nyuso za wanawake wawili wa kulia zinabeba kumbukumbu hiyo. Ni kweli, na ni vema isemwe. Lakini ukiondoa macho kwenye nyuso ukatazama miili, vitambaa na nafasi, utamkuta Mgiriki wa Toledo: miili ya uchi iliyobanwa karibu na uso wa turubai, mikono iliyoinuliwa, mapazia yanayokatika kwa pembe kali kama vipande vya kioo, na nyuma yao hakuna kina chochote.

Jambo linalonishika zaidi ni umbo la turubai. Ya Picasso ina kimo cha sentimita 243.9 na upana wa sentimita 233.7, karibu mraba. Ya El Greco, baada ya kukatwa, nayo inakaribia mraba. Wanaofuatilia uhusiano wa picha hizi mbili wamelitaja hilo kama ushahidi kwamba Picasso aliitazama kwa makini. Sikatai. Ila umbo hilo si la El Greco. El Greco alichora turubai nyembamba na ndefu, karibu mara mbili ya kimo hiki. Aliyeifanya iwe karibu mraba ni mtu wa mwaka 1880 mwenye kisu, ambaye huenda hakuwaza lolote zaidi ya kuondoa turubai iliyoharibika. Ule mbano wa watu bila mbingu, ambao Picasso aliuchukua na kuufanya lugha ya karne nzima, ni matokeo ya hasara. Kama Zuloaga angeleta Paris turubai ya mita nne, yenye Mwanakondoo na mawingu, sidhani kama kijana yule angeona alichokiona.

Hili halimpunguzii Picasso wala halimpunguzii El Greco. Linatutaka tu tuwe waangalifu na sentensi nyepesi inayorudiwa kila mahali, kwamba El Greco alikuwa mtu wa kisasa aliyezaliwa mapema. Sehemu ya huo usasa ni kifo kilichomzuia kumaliza kazi, na sehemu nyingine ni makasi ya watu wengine. Sehemu iliyobaki, joho lile la buluu, miili ile inayong'aa bila taa, ni yake kabisa, na haihitaji kuitwa ya kisasa ili iwe kubwa. Ilikuwa ya mwaka 1614, ya Mkatoliki aliyelelewa na ikoni, aliyeamini kwamba wafu watavishwa.

Zilipo sasa

Zuloaga alikufa mwaka 1945. Mwaka 1956 jumba la Metropolitan liliinunua picha kutoka kwa makumbusho yake. Les Demoiselles iko jijini humohumo, katika jumba la sanaa ya kisasa, kwa hiyo mtu mwenye siku moja New York anaweza kuziona zote mbili kabla jua halijazama.

Hospitali ya Tavera bado imesimama Toledo. Ubatizo uko huko, na sura ya kardinali iko huko, na kaburi lake la marumaru lililochongwa na Alonso Berruguete liko katikati ya kanisa. Gabrieli na Maria wako kwenye mkusanyo wa benki, waimbaji wao wako Athens.

New York picha ya muhuri wa tano imetundikwa kwa ajili ya mtu anayesimama na kutembea, kwa hiyo uso wa Yohana hauko mbali sana na uso wako. Ilikusudiwa kukaa juu ya meza ya altare, mita nne za turubai, mbele ya watu wa hospitali. Mgonjwa aliyepiga magoti pale angeona kwanza upindo wa joho, kisha angepanda na ile mikono miwili, akapita wale saba na nguo zao, akaendelea kupanda.